Dawa ya Kipara Ibaki Kichwani

Kipara huchekwa barazani, lakini mwenye nacho hacheki. Mimi binafsi ninacho, na kila anayeniona ana dawa ya kuniuzia: mafuta haya, majani yale, sabuni ile. Ndiyo maana leo, ndugu msomaji, nataka tuzungumze juu ya yale waliyoyagundua wataalamu hasa.

Tangu zama za Hippocrates, tabibu wa Ugiriki ya kale, ilijulikana kuwa matowashi hawapati kipara. Mwaka 1942 mtaalamu wa Marekani, James Hamilton, alieleza sababu. Aliwachunguza wanaume waliohasiwa kabla ya kubaleghe, akakuta nywele zao zingalipo. Alipowapa homoni ya kiume, wale wenye ukoo wa vipara wakaanza kupukutika nywele. Basi mambo ni mawili: homoni na urithi. Homoni hiyo, testosteroni, hugeuzwa mwilini kuwa nyingine kali zaidi iitwayo DHT, nayo ndiyo inayosinyaza mashina ya nywele mwaka hata mwaka.

Kidonge cha finasteride huzuia mageuzi hayo, na Marekani ilikiruhusu kwa kipara cha wanaume mwaka 1997. Lakini kidonge hupita tumboni, kikaenea mwili mzima, ilhali shida iko utosini tu! Baadhi ya wanaume hupungukiwa na hamu ya unyumba. Mjamzito naye hatakiwi kushika kidonge kilichovunjika, kwani chaweza kudhuru maumbile ya mtoto wa kiume aliye tumboni.

Hapo ndipo faida ya kupaka inapoonekana. Minoxidil ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu, wagonjwa wakaota nywele wasizozitarajia, na mwaka 1988 Marekani ikairuhusu kuwa majimaji ya kupaka kichwani. Hata hivyo, ngozi ni ukuta ulioumbwa kuzuia vitu visiingie. Ili dawa ipenye, huchanganywa na spiriti na vitu vingine, ndiyo sababu wengine huwashwa. Siku hizi watafiti wanajaribu kuifunga dawa katika vichembe vidogo mno vya mafuta, vikae ndani ya vijishimo vya nywele na kuiachia polepole.

Ipo pia clascoterone, inayoizuia DHT isishike pale pale kwenye ngozi, na ikiingia damuni huvunjwa upesi. Marekani iliiruhusu mwaka 2020 kwa chunusi, na imejaribiwa kwa kipara vilevile.

Hata hivyo, kupaka si kinga kamili. Finasteride ya kupaka huingia damuni kwa kiasi kidogo, na mwaka 2025 idara ya dawa ya Marekani ilionya juu ya ile inayochanganywa na wauza dawa bila kuidhinishwa, kwamba yaweza kumpata hata mtu mwingine kwa kugusana. Fikiria mama mjamzito mnayelalia naye mto mmoja.

Dada zetu nao wajue kwamba nywele zinazokatika kwa misuko ya kubana hazina habari na DHT. Hizo dawa yake ya kwanza ni kuulegeza msuko.

Kwa hiyo, akikujia mtu na chupa, muulize maswali matatu: ndani mna nini, inaishia wapi mwilini, na nikiacha itakuwaje? La mwisho nalijua: ukiacha minoxidil, nywele ilizokupa hupukutika tena. Asiyeweza kuyajibu, mwache aende na chupa yake.