Kitabu Kipi Kiingie Kwenye Mkoba wa Skauti?

Ukikuta kitabu cha skauti cha zamani kwa muuza vitabu vya mitumba, kabla ya kuuliza bei fungua sura ya huduma ya kwanza, tafuta nyoka. Kikikuagiza kuchanja palipoumwa, kunyonya sumu na kufunga kamba ya kubana juu ya jeraha, sura hiyo usimfundishie mtoto. Leo aliyeumwa hutulizwa, mguu au mkono hauchezeshwi, pete na bangili huvuliwa kabla uvimbe haujapanda, kisha hukimbizwa hospitali. Kunyonya hakutoi sumu ya kutosha kumsaidia, kuchanja kunaongeza kidonda, na kamba iliyobana inaweza kuuharibu mguu mzima.

Aliyezama majini naye ni hivyo hivyo. Vitabu vya kabla ya miaka ya 1960 humlaza kifudifudi na kumkandamiza mgongo. Siku hizi hulazwa chali, akapulizwa pumzi mdomoni na kukandamizwa kifua. Kwa sura hizi sina mjadala: chukua toleo la karibuni kabisa. Masharti ya beji pia hubadilika, kwa hiyo mtoto anayetafuta daraja afuate kitabu kinachotumika sasa.

Lakini upya peke yake hautoshi. Mwaka 1972 chama cha Boy Scouts of America cha Marekani kilitoa toleo la 8 la kitabu chake. Kilitaka kuwavuta watoto wa mijini, na hilo silaumu. Ila mambo mengi ya porini yalipunguzwa, hata kijana akaweza kufika Eagle, daraja la juu kabisa, bila beji ya kupiga kambi. Miaka iliyofuata wanachama walipungua sana, ingawa siwezi kukibebesha kitabu lawama yote. Ndipo William Hillcourt, mzaliwa wa Denmark aliyeandika toleo la 1959, akatoka kwenye kustaafu kwake na kuandika toleo la 9, lililotoka 1979. Kambi, ramani na mapishi ya motoni vikarudi mahali pake.

Kwa mambo ya kamba na moto, napenda sana kazi ya Hillcourt. Chukua fundo la kitanzi kisichokaza, lile la kumvuta mtu shimoni. Unafanya kijiduara, ncha inapenya kutoka chini, inazunguka nyuma ya kamba kuu, inarudi kijiduarani, unakaza. Mtoto aliyefuata hatua hizo mwaka 1959 na wa leo wanapata fundo lile lile.

Hata hivyo, vitabu vya zamani hukata matawi mabichi kuwa godoro na kuchimba mtaro kuzunguka hema. Wapiga kambi walipokuwa wachache, msitu ulistahimili. Sasa kambi moja hupokea vikundi wiki baada ya wiki, na ardhi hubaki uchi.

Kitabu cha Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, Scouting for Boys, cha 1908, nakiweka kando ya vyote. Wazo lake la vikundi vidogo vya vijana wanaoongozana wenyewe lingali na nguvu. Lakini kimebeba pia fikra za kikoloni. Mwandishi wake amezikwa hapa Kenya, mjini Nyeri, na mtoto wa hapa anastahili kukisoma akiwa na mtu mzima pembeni.

Nakala zangu za zamani bado nafundishia. Kwenye kurasa za nyoka nimebandika karatasi, nikaandika kwa wino mwekundu: USICHANJE.