Mbuyu na Jamaa Zake Walioko Kiminini

Anayetaka kupanda mbuyu Kiminini afikirie mara mbili kabla ya kulipia mche. Mti huu, ambao wataalamu huuita Adansonia digitata, ni wa nchi yenye joto na ukavu: Kilifi, Kwale, Kitui, Makueni. Ni nadra kuupata juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na Kitale iko karibu mita 1,900. Mwaka 2012 baadhi ya watafiti walidai kwamba mibuyu ya sehemu za juu barani Afrika ni spishi tofauti, wakaipa jina la Kiswahili, Adansonia kilima. Baadaye wenzao waliichunguza upya wakairudisha kwenye spishi ileile ya zamani. Hata hiyo ya vilimani haikufikia kimo cha Kitale.

Lakini jamaa za mbuyu wapo huku, tena jikoni. Zamani mbuyu na msufi vilikuwa na familia yao, Bombacaceae. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, uchunguzi wa chembe za urithi umeiunganisha na familia ya pamba, Malvaceae. Humo mna bamia, pamba iliyokuwa ikichambuliwa Malakisi, na murere unaoliwa kwa ugali. Ule utelezi wa murere na bamia ni alama ya ukoo: majani machanga ya mbuyu nayo huteleza yakipikwa. Ukichunguza jani la murere, utaona nyuzi mbili fupi kama mikia karibu na kikonyo. Hizo ni zake mwenyewe.

Maua ya mbuyu ni meupe, huning'inia, hufunguka jioni na kunyauka kesho yake. Popo ndio huyachavusha. Majani ya mti mkubwa yamegawanyika kama vidole, vitano hadi saba, ila mche mchanga hutoa majani mazima yasiyogawanyika, na wengi hudhani wameuziwa mti mwingine. Shina la msufi mara nyingi huwa na miiba, la mbuyu halina.

Mwenye hamu ya mti wa ukoo huu katika baridi ya huku aulizie Dombeya torrida kwenye kitalu, kwa jina hilo la kisayansi. Ni mti wa asili wa milimani, na Mlima Elgon unao. Maua yake meupe hayadondoki yakikauka. Hubaki matawini yakiwa ya kahawia, na kabla ya hapo nyuki huyafuata sana.