Usizibe Pumzi ya Lori

Malori ya mchanga yanayopanda kutoka upande wa Tharaka kuja Mikinduri hufika juu yakiwa hoi, gia nzito, turbo ikilia. Lori likisimama, inama uchungulie chini ya kebini. Kwenye injini nyingi za zamani utauona mpira mweusi ukining'inia, ukitoa moshi mwepesi na kudondosha oili tone kwa tone. Hapo ushauri huanza kumiminika. Mmoja atasema ringi zimekwisha. Mwingine atataka mpira urefushwe upelekwe nyuma. Wa tatu, bila wasiwasi wowote, atasema uzibwe tu. Huyo wa tatu ndiye wa kuogopwa.

Injini ya dizeli hubana hewa mara 17 au 18, na mafuta yanapowaka shinikizo ndani ya silinda huweza kupita bar 100. Ringi za pistoni, hata zikiwa mpya, huachiwa mwanya mdogo pale ncha zake zinapokutana, kwa sababu zikipata moto hutanuka. Kwa hiyo kila mpigo gesi kidogo huponyoka na kushuka hadi kwenye krenki na sampu. Huko chini hukutana na oili inayorushwarushwa, nayo hubeba ukungu wa matone madogo mno, masizi, mvuke wa maji na dizeli ambayo haikuungua. Mpira wa kupumulia ndio mlango wa mchanganyiko huo.

Funga mlango, shinikizo litajitafutia mwingine: sili ya nyuma ya krenki, gasketi ya kifuniko cha tapeti, pengine hata dipstiki itasukumwa juu itoke mahali pake. Turbo nayo haisalimiki. Oili inayolainisha shafti yake hurudi kwenye sampu kwa kuteremka tu, haisukumwi na pampu. Shinikizo likipanda chini, oili hiyo hukwama, kisha huvujia upande wa hewa au upande wa egzosi. Turbo nyingi nzima zimehukumiwa na kutupwa kwa kosa la mpira ulioziba.

Kabla ya kubadilisha chochote, basi, ulizia kwanza gesi ni kiasi gani na inatoka wapi. Watu wengi hufungua kifuniko cha kumiminia oili, hukigeuza juu chini kwenye tundu lake na kutazama kama kinarukaruka. Kipimo hicho kina ukweli kiasi, lakini hakina namba. Chukua mpira mwembamba unaopenya mwanga, uukunje kwa umbo la U, utie maji, kisha uunganishe upande mmoja kwenye tundu la dipstiki huku injini ikinguruma. Tofauti ya sentimita 10 kati ya maji ya upande huu na huu ni takriban kilopaskali moja. Linganisha na kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha injini hiyo hiyo, si cha jirani yake.

Ringi si mshukiwa pekee. Kwenye lori lenye breki za upepo, kompresa iliyochakaa husukuma hewa yake hadi ndani ya sampu, na injini huonekana imechoka kumbe ni nzima. Ngoja matangi ya upepo yajae, kompresa iache kubana. Pumzi ya mpirani ikipungua ghafla, mwizi umemjua. Ni dakika chache tu, na zinaweza kuokoa gharama ya kufungua injini nzima.

Mshukiwa mwingine ni vumbi letu jekundu. Injini nyingi za kisasa hazipumulii nje: mpira huunganishwa kati ya eya klina na turbo, gesi irudi kuchomwa. Eya klina ikijaa vumbi, turbo huvuta kwa nguvu zaidi na kufyonza oili kupitia mpira huo. Mwenye lori huona oili inapungua, naye hulia na ringi, wakati dawa ni filta mpya.

Hofu ya oili kuingia kwenye turbo si ya mafundi wa jua kali peke yao. California ilianza kudai magari ya petroli yameze gesi yao wenyewe mwaka 1961, lakini malori ya dizeli yenye turbo yaliendelea kuruhusiwa Marekani kupumulia nje kwa sababu ya hofu hiyo hiyo, mpaka kanuni za injini za mwaka 2007 zilipoondoa msamaha huo. Kilichosaidia ni vitenganishi bora vya oili.

Na hicho ndicho ningekiunga mkono: kuongeza kitenganishi, mkebe unaokaa kati ya injini na turbo, gesi ipite ndani yake, oili ibaki chini. Fundi wa kuchomelea hapa hapa anaweza kuutengeneza. Ila asijaze waya wa kusugulia sufuria humo ndani. Nyuzi zake hukatika na kwenda moja kwa moja kwenye mapanga ya turbo. Aweke vizuizi vya bati vinavyoilazimisha gesi kupinda, na wavu wa chuma kisichoshika kutu uliofungwa imara. Mipira isiwe myembamba kuliko ya asili, iwe ya kustahimili oili na joto. Paipu ya kumwagilia sukuma wiki hulainika, hujikunja, na hapo umeziba bila kujua. Mipira isiwe pia na bonde katikati ambamo maji yatatuama.

Kukata mpira na kuuelekeza nje kwenye injini iliyoundwa kumeza gesi yake sikupendi. Katika Isuzu na Fuso nyingi dereva hukalia injini, na moshi huo humpandia yeye na utingo wake. Kwa injini ya zamani inayopumulia nje tangu kiwandani, hakikisha ncha inatazama chini, mbali na matope. Injini moto ikizimwa hupoa na kuvuta hewa ndani. Ncha ikiwa kwenye maji ya mto, itakunywa.

Mkebe usipomwagwa hujaa, na oili yake yote huweza kumezwa kwa mkupuo. Injini ya dizeli huweza kuchoma oili pia. Injini itapanda mzunguko yenyewe, ukizima ufunguo haisikii, kwa kuwa haitegemei tena pampu ya dizeli. Dereva aliye ndani akanyage breki hadi mwisho, aweke gia ya juu, aachie klachi injini ife. La sivyo, izibwe njia ya hewa kwa ubao mnene, kamwe si kwa kiganja. Kwa hiyo mkebe na ukaguliwe kila injini inapopimwa oili, na zaidi msimu wa baridi, maana unyevu huchanganyika na oili humo ukawa uji mweupe.

Kinachotoka humo kisirudishwe injini: kina maji, asidi na masizi. Wapo wanaokipaka kwenye nguzo za ua kuzuia mchwa. Mimi ningekiweka kwenye mtungi wa oili chafu pamoja na nyingine, mbali na mtaro unaoteremka kuelekea mtoni.