Kupanda Ukuta kwa Jimu: Cheki Vile Ruti Hupangwa, na Mbona Kishikio Kikizunguka Usinyamaze

Msee, umewahi kuingia jimu ya kupanda ukuta ukapata ile ruti umepambana nayo mwezi mzima imeng'olewa? Inauma, lakini tulia, kuna sababu.

Mwamba wa Lukenya ama Hell's Gate ulipangwa na Mungu. Ukuta wa jimu hupangwa na watu. Ni plaiwudi yenye mashimo mob, na nyuma ya kila shimo kuna nati ya chuma. Vishikio, yaani vile vitu vya rangi unashika na kukanyaga, mara nyingi ni plastiki ngumu na hufungwa kwa bolti. Kwa jimu nyingi, rangi moja ni ruti moja. Ukianza na nyekundu, maliza na nyekundu, usilete ujanja.

Wenye hufanya hiyo kazi huitwa maseta. Hawabandiki tu ovyo. Wanaanza na kufikiria mwendo: hapa uvute, pale ukanyage, juu uruke. Wakishafunga, wanapanda wenyewe kutest, wanageuza hiki, wanasogeza kile, hadi ikae poa. Na lazima wafikirie warefu na wafupi.

Unadhani hiyo ni stori ndogo? Kumbuka Olimpiki ya Paris 2024. Ai Mori wa Japani, mwenye urefu wa sentimita 154, alishindwa kufikia vishikio vya kuanzia kwa ukuta wa kwanza wa fainali. Aliruka, akaruka tena, wapi! Akapata sufuri hapo. Kwa raundi ya kamba aliwashinda wote, lakini bado akamaliza nambari 4, bila medali. Watu walibishana sana kuhusu maseta siku hiyo.

Sasa mbona watoe ruti yako? Kwanza, ukishaikariri haikufunzi tena. Pili, uchafu. Chaki, jasho na mpira wa viatu huziba ule ukwaruzo wa plastiki, kishikio kikabaki laini kama sabuni. So vinatolewa, vinaoshwa, saa zingine na mashine ya presha kama ile ya kuosha matatu, halafu vinakaguliwa nyufa. Chenye kimepasuka hakirudi ukutani. Wewe pia unaeza saidia: piga kishikio brashi ukimaliza, lakini wacha brashi ya waya, inaharibu plastiki.

Ngori iko hapa. Watu wakining'inia siku nzima, bolti hulegea. Kishikio kikizunguka ghafla ukiwa juu, mkono unatoka kabla ujipange, na unaeza kutua vibaya hadi kifundo cha mguu kiende. Maseta huongeza skrubu ndogo pembeni kukizuia, lakini macho yao hayako kila mahali.

Ukipata kimelegea, usijifanye fundi. Ukikaza kupita kiasi, plastiki inapasuka ama nati inaharibika kule nyuma. Shuka polepole, ambia wahudumu, na uonye mwenye anafuata kwa laini. Ukinyamaza juu hutaki kuonekana mnoko, jua kuna msee atapanda hiyo ruti baada yako, na pengine ndio siku yake ya kwanza.