Kukesha, Kukariri na Siku 21

Mitihani ya mwisho wa muhula (UE) ikikaribia, simu ya mwanafunzi wa chuo hugeuka kungwi. Kila video ina kijana anayeeleza alivyosoma, akafanya biashara, akaenda mazoezini, akalala kidogo na bado akapata A. Walioifuata ratiba hiyohiyo wakaishia kwenye sapu, yaani mtihani wa marudio, hawajirekodi, kwa hiyo hatuwaoni. Ushauri ni wa bure na umejaa tele. Kazi ni kujua upi ufuatwe. Hapo wanasaikolojia wana jambo la kutuambia, nalo linaudhi kidogo: kipimo tunachokitegemea zaidi, yaani tunavyojisikia wakati wa kusoma, hutudanganya.

Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi vifungu vya habari wajifunze. Kundi moja lilikisoma kifungu kwa vipindi vinne. Jingine lilikisoma kwa kipindi kimoja, likakiweka kando, kisha likaandika kila lilichokumbuka, mara tatu. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma ndio walioongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: wao walikumbuka asilimia 40 hivi, na wale waliojijaribu wenyewe asilimia 61. Tena waliorudia kusoma ndio waliokuwa na imani kubwa zaidi kwamba hawatasahau.

Ukilisoma desa, yaani notisi za somo, kwa mara ya nne, sentensi zinateleza bila kukwama, na akili inachukulia mteremko huo kuwa ndiyo kuelewa. Kufunika daftari na kujiuliza kilichomo ni kazi chungu: unakwama, unajiona mjinga. Lakini juhudi hiyo ya kuchimbua jibu kichwani ndiyo inayoliimarisha. John Dunlosky na wenzake walipozipitia mbinu kumi za kujisomea mwaka 2013, kurudia kusoma na kupaka mistari rangi ziliwekwa kwenye daraja la chini. Kujijaribu, na kugawa somo katika siku kadhaa badala ya kulimaliza kwa mkao mmoja, zikawekwa juu. Kwa hiyo video ya madaftari yaliyopambwa kwa kalamu za rangi tano inapendeza macho, basi.

Usingizi nao una udanganyifu wake. Waliosoma bweni wanawajua wenzao waliotumbukiza miguu kwenye beseni la maji baridi ili wasisinzie. Hans Van Dongen na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, waliwalaza watu wenye afya njema kwenye maabara kwa siku 14 mfululizo, baadhi yao saa nane kwa usiku, wengine sita, wengine nne. Umakini wa waliolala saa sita ulishuka siku hadi siku, mpaka ukawa kama wa mtu aliyekesha usiku kucha. Walipoulizwa wanavyojisikia, walijibu kwamba wana usingizi kidogo tu. Kwa hiyo anayekwambia “mimi nimeshazoea” huenda anasema kweli kuhusu hisia zake, si kuhusu kichwa chake.

Mwaka 2019 ukachapishwa utafiti wa wanafunzi 88 wa kemia katika chuo cha MIT, waliovaa vifaa vya kupima usingizi mkononi muhula mzima. Usingizi wa usiku mmoja kabla ya mtihani haukuonyesha uhusiano na alama. Uliohusiana nazo ni ule wa wiki na mwezi uliotangulia: waliolala vya kutosha, na kwa saa zisizobadilikabadilika, walifanya vizuri zaidi. Uhusiano peke yake hautuambii kipi kilisababisha kipi. Mwanafunzi anayefanya kibarua usiku kwa sababu mkopo umechelewa ana mengi yanayomvuta chini, si usingizi tu. Hata hivyo uhusiano huo unalingana na matokeo ya Dunlosky. Aliyeigawa mada yake katika wiki tatu hana sababu ya kutafuta beseni.

Lakini kugawa somo hivyo kunahitaji kuwa tabia, na ndipo linapokuja lile dai la siku 21 za kujenga tabia. Mzizi wake ni Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa sura, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya. Neno “angalau” lilidondoka njiani. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walipowafuatilia watu waliojiwekea tabia mpya za kila siku, kama kunywa maji au kukimbia, muda wa kati wa tabia kujengeka ulikuwa siku 66, kuanzia 18 hadi makadirio ya 254 kutegemea mtu. Waligundua pia kwamba kuruka siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Mwanafunzi aliyeshindwa kusoma Jumamosi kwa sababu ya msiba au foleni ya maji hosteli anaweza kuendelea Jumapili, bila kuanza kuhesabu upya.