Neno 'Mtindo' Lisituuzie Kioo

Muuzaji wa samani anapokitangaza kioo cha kusimama kuwa ni cha "mtindo wa Denmark wa miaka ya 1950", huwa amesema jambo moja na kulinyamazia jingine. Ametwambia kinafanana na nini. Hakutwambia kilitengenezwa wapi, lini, wala na nani. Kisarufi, tofauti baina ya "kioo cha Denmark" na "kioo cha mtindo wa Denmark" ni nomino moja na kiunganishi chake. Kibei, tofauti hiyo ni pana mno.

Mtindo wenyewe ulizaliwa katika vipimo. Kaare Klint, aliyeanza kufundisha usanifu wa samani katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa mjini Copenhagen mwaka 1924, alishikilia kwamba mbunifu apime kwanza mwili wa binadamu na vitu vyake. Kisha, kuanzia 1927 hadi 1966, maseremala wa mji huo walifanya maonyesho ya kila mwaka, na humo wabunifu kama Hans Wegner na Finn Juhl walishirikiana na mafundi wa karakana. Mbao iliyopata sifa kuu ilikuwa msaji, ambao haumei Denmark hata kidogo. Uliagizwa kutoka Asia. (Naam, hata uasilia una safari zake.)

Sasa tukitazame kioo chenyewe: fremu nyembamba isiyo na nakshi, miguu inayochongoka kuelekea chini, kioo kinachoinama mbele na nyuma. Wapo wanaodhani kwamba ufupi wa kioo hicho ni ubahili. La hasha! Mtu aliyesimama wima mbele ya kioo kilicho wima huhitaji kioo cha nusu ya kimo chake tu ili ajione mwili mzima, awe karibu au mbali. Mwenye kimo cha sentimita 170 hutoshelezwa na sentimita 85, mradi ukingo wa juu uwe katikati ya macho na utosi, na wa chini katikati ya macho na nyayo. Kwa hiyo urefu wa miguu si pambo. Mwigaji anayenakili umbo bila kupima huishia kutuuzia kioo kinachomkata mtu kichwa.

Siipingi nakala, nakala nzuri ina heshima yake, na si kila mfuko unaweza kununua kitu cha kale. Ninachopinga ni neno kutumiwa kama pazia. Mnunuzi akigeuze kioo, autazame mgongo na viungo vyake. Akikuta ubao mwembamba uliogandishwa juu ya mbao nyingine asikimbilie kulalamika, kwani hata karakana za Denmark zilitumia ufundi huo. Amtake tu muuzaji aandike katika risiti nchi kilikotengenezwa, mwaka wake na aina ya mbao.