Mwalimu wa kinanda akija nyumbani, mzazi uwe wapi?

Bariadi. Mtoto anarudi kutoka ibadani, anapigapiga vidole mezani akimuigiza mpiga kinanda wa kwaya. Baada ya wiki anaomba afundishwe. Mzazi anauliza kanisani, anapewa namba ya kijana anayejua kupiga, wanapatana bei, na Jumamosi mwalimu anabisha hodi.

Katika mji kama Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, kinanda ni chombo cha kanisani zaidi kuliko cha shuleni. Mwalimu anayepatikana mara nyingi ni mpiga kinanda wa kwaya, si mwenye cheti cha muziki. Hilo si kosa. Kosa ni mzazi kudhani kuwa akishalipa ada, kazi yake imekwisha.

Mlango ubaki wazi

Somo lifanyike sebuleni, mlango ukiwa wazi na mtu mzima akiwa karibu. Lisifanyike chumbani, wala mtoto asitumwe peke yake nyumbani kwa mwalimu.

Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009, ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18.

Wapo wanaoona aibu kumwekea masharti mtu wa kanisani. Lakini mlango wazi haumtuhumu mtu. Unamlinda mtoto, na unamlinda hata mwalimu mwadilifu dhidi ya maneno ya watu. Mwambie siku ya kwanza, kabla hamjazungumzia bei.

Zungumza na mtoto pia. Kinanda hufundishwa kwa kushika: mwalimu atakiweka sawa kiganja, ataelekeza kidole. Mtoto ajue mipaka iko hapo, kwenye vidole, kiganja na mkono. Hakuna somo la kinanda linalohitaji apakatwe, aguswe mapaja au atunze siri.

Mtoto aliyependa kinanda akianza ghafla kukimbia somo, usimwite mvivu. Muulize kwa upole, na umsikilize.

Mgongo na masikio

Si lazima kununua piano. Kinanda cha umeme chenye vitufe 61 kinamtosha anayeanza, ingawa piano kamili ina 88. Chagua ambacho sauti yake hubadilika kulingana na nguvu ya kidole, na kinachotumia betri pia, kwa siku umeme ukikatika.

Usikiweke kitandani wala sakafuni. Mtoto akae wima, viwiko vikilingana na vitufe, miguu ikanyage chini au kwenye kigoda. Akilalamika maumivu ya mkono, apumzike.

Akitumia spika za masikioni, sauti iwe ya chini. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri watoto wasizidishe desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki.

Ada na mazoezi

Katika familia zinazotegemea pamba, fedha huja kwa msimu, na masomo huanza kwa kishindo yakafia njiani. Ni afadhali somo moja kwa wiki litakalolipwa mwaka mzima kuliko matatu ya miezi miwili.

Kati ya somo na somo, dakika 15 kila siku zinamsaidia mtoto kuliko saa mbili za Ijumaa usiku. Hapa ndipo mzazi aliyekaa sebuleni anapofaidi: hata kama hajui nota, amesikia alichoagiza mwalimu, na anaweza kumkumbusha mwanawe Jumatano.

Ukiwa na wasiwasi kuhusu usalama wa mtoto, piga simu namba 116 bila malipo, au nenda kwa ofisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Kinanda kinaweza kusubiri.